Hivi kwa nini makundi ya Wayahudi wakitua Warsaw siku ya kwanza kabisa wanapelekwa makaburini?

Kibarua wa Wola
Wakuu salama? Niko huku Poland, kazi yangu kuendesha gari la mizigo ya watalii, yaani wao wanapanda basi kubwa mimi nabeba mabegi yao kutoka uwanja wa ndege wa Chopin mpaka hotelini. Wateja wakubwa ni makundi ya Wayahudi, wengi Marekani na Kanada, wengine Uingereza, wanakuja kwenye zile safari za kutafuta asili, babu aliishi mtaa gani, bibi alisoma shule gani. Sasa kuna kitu kinanishangaza. Mtu ametoka New York, usiku kucha yuko hewani, anatua asubuhi macho mekundu, wengine watu wazima wanatembea na fimbo, badala ya kupelekwa hotelini waoge wapumzike basi linakunja moja kwa moja mtaa wa Okopowa kwenye makaburi ya Wayahudi. Na sio kundi moja, ni mengi. Mabegi yanafika hotelini kabla ya wenyewe. Nimeuliza wenzangu wa hapa wanabetua midomo tu. Mimi nilijua utalii unaanza na raha, mambo ya huzuni yanasogezwa huko katikati. Mnaojua dini yao au mliofanya nao kazi, hii inatokana na nini?

Ngoja Waje
Nimekaa paleee na karanga zangu. Ngoja waje.

Dereva Mkongwe
Mkuu hapo hamna dini wala mila, ni saa tu. Nimeendesha mabasi ya watalii Ujerumani, Czech na huko huko Poland miaka na miaka. Ndege za Marekani zinatua asubuhi mpaka mchana, hoteli inakupa chumba kuanzia saa nane au saa tisa mchana, sasa una watu arobaini hawana pa kukaa. Ukiwapeleka hotelini watalala kwenye makochi ya mapokezi, ukija kuwaamsha wamekuwa kama wagonjwa, usiku hawalali na ratiba ya kesho yote imekufa. Kila mratibu anajua siku ya kwanza mtu asiguse kitanda mpaka giza liingie, anatakiwa awe nje anatembea anapigwa na upepo. Halafu kuna tachografu, kile kifaa kinachorekodi muda wa dereva. Sheria za Ulaya ni kwamba ukishaendesha masaa manne na nusu unapumzika dakika 45, kwa siku kuendesha mwisho masaa tisa, na usiku upumzike masaa 11. Nikishalipokea kundi uwanjani saa yangu imeshaanza kukimbia, kwa hiyo mratibu mwenye akili hakupeleki mbali, anakutafutia vitu jirani jirani. Okopowa, Umschlagplatz pale mtaa wa Stawki (uwanja walikopakiwa Wayahudi kwenye treni za kwenda kuuawa), mnara wa mashujaa wa geto (eneo la ukuta Wajerumani walikowafungia Wayahudi wakati wa vita) na makumbusho ya POLIN vyote viko upande mmoja wa mji, basi halishtuki hata mafuta. Ndio jibu hilo, uzi ungefungwa.

Mwana wa Pangani
Dereva wewe kila kitu unakipima kwa dizeli. Kama shida ni kuua muda si wangewapeleka mji mkongwe wakanywe kahawa na keki? Mimi naona ni adabu. Kwetu Pangani wanakuja watu kutoka Muscat, mababu zao waliishi hapa, wanashuka kwenye gari hata maji hawajanywa wanauliza makaburi yako wapi, wanasoma dua kwanza ndio wanaenda kusalimia waliobaki hai. Unapoingia mji wa watu unabisha hodi kwa wenyewe, na hawa wenyewe wao ndio wako pale chini.

Kichwa Ngumu
Lakini si ndio hapo hapo Warsaw palipokuwa na ile kambi ya mauaji ya Auschwitz? Sasa wakaanze na nini kingine, na ile vita Wayahudi walipoasi 1944 si ilikuwa hapo hapo. Mji mzima ni makaburi.

Kamusi Hai
Kichwa Ngumu umechanganya mafaili matatu. Auschwitz iko mji wa Oświęcim, upande wa Kraków, kutoka Warsaw ni kama kilomita 300 kwenda kusini. Na maasi yalikuwa mawili. La Wayahudi ndani ya geto lilianza 19 Aprili 1943, Wajerumani wakalimaliza 16 Mei kwa kulipua Sinagogi Kuu ya Tłomackie. La 1944 lilianza 1 Agosti, hilo la jeshi la siri la Poland, ndilo lililofanya mji ubomolewe karibu wote. Mwana wa Pangani na wewe ule mji mkongwe unaousema ni mkongwe wa jina, ulijengwa upya baada ya Vita ya Pili ya Dunia matofali kwa matofali na UNESCO wakauandikisha 1980. Ukitaka kitu cha Wayahudi Warsaw ambacho ni kile kile cha zamani, hakijajengwa upya, orodha yako ni fupi sana. Una makaburi ya Okopowa yaliyofunguliwa 1806, una sinagogi la Nożyk la 1902, na vipande vya ukuta wa geto huko Sienna na Złota. Wasipoanzia huko wataanzia wapi? Kabla ya vita theluthi ya watu wa mji huu walikuwa Wayahudi, watu laki tatu na nusu na zaidi, mji wenye Wayahudi wengi kuliko huu ulikuwa New York peke yake. Leo ukitembea Muranów unaona maghorofa ya wakati wa ukomunisti, yamejengwa juu ya kifusi hicho hicho cha geto, mengine yako juu ya vilima unapanda ngazi kufika mlangoni.

Kichwa Ngumu
Sawa mwalimu. Mtihani lini?

Dereva Mkongwe
Kamusi umenisaidia bila kujua. Vitu vichache, viko karibu karibu, chumba hakijawa tayari. Twende kazi.

Mtunza Bibi
Nimesoma wote nacheka peke yangu. Mimi nilienda hiyo safari, tena kikazi. Nilikuwa Toronto natunza wazee majumbani, bibi niliyekuwa nakaa naye alizaliwa Poland, familia ikahama akiwa mdogo kabla ya vita, sasa watoto wake wakamlipia aende na kundi la sinagogi lao ila sharti asiende peke yake. Ndio nikapanda ndege mimi msukuma kiti cha magurudumu. Ilikuwa 2014, mwaka POLIN walipofungua yale maonyesho yao makubwa ya miaka elfu ya Wayahudi wa Poland, kila kundi lilikuwa linakimbilia huko.

Siku ya kwanza ilivyokuwa. Pale pasipoti kijana wa uhamiaji kaona mahali pa kuzaliwa, akamsemesha bibi kipolandi. Bibi naye akamjibu. Yule kijana akaanza kucheka, akaita na mwenzake, maana bibi anaongea kama mtoto wa chekechea, maneno yake ni yale aliyoondoka nayo, hakuwahi kukua na hiyo lugha. Foleni nzima nyuma yetu imesimama na wao wanapiga stori za maziwa na paka. Tukatoka nje tukagawiwa vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, vidude vya sikioni vya kumsikia mwongozaji, maji, na boksi la chakula kosher, yaani cha sheria za dini yao, limefungwa kwa stika ili lisichanganywe. Ndani ya basi hata hatujamaliza kuhesabiwa ugomvi umeshaanza. Baba mmoja daktari wa meno anasema yeye hakulipa hela zote zile aje kuonyeshwa vifo wiki nzima, anataka kuona watu wanaishi, kwa nini tunaanza na makaburi? Yaani swali lako mleta mada, liliulizwa na Myahudi mwenyewe.

Mwongozaji alikuwa mama wa hapo Warsaw, hakukasirika, nadhani kashalizoea. Alichosema ni kwamba hayo makaburi ndio mahali ambapo Wayahudi wa Warsaw walikufa kwa uzee, kwa homa, kwa kujifungua, wakazikwa na jina na kazi yao imeandikwa na ndugu wakalia, na ilikuwa hivyo zaidi ya miaka mia na thelathini. Mkianzia Treblinka, kwenye kambi ya mauaji, akasema, mtarudi kwenu mkidhani hawa watu kazi yao ilikuwa kuuawa. Daktari wa meno akanyamaza lakini hakuridhika, alilirudia tena usiku kwenye chakula.

Getini kuna baba akabaki na dereva. Yeye ni Kohen, wale wa ukoo wa makuhani, kwa kawaida hawaingii makaburini isipokuwa kwa ndugu wa karibu sana. Mke wake akaingia na simu kwenda kupiga picha kaburi la babu wa babu yake mume. Wanaume wakapewa kofia. Ndani ni msitu jamani, miti imeota katikati ya mawe, mawe yameegemeana, njia kubwa zimesafishwa ila ukiingia pembeni ni mizizi na majani, kiti cha magurudumu nilikibeba zaidi ya kukisukuma. Watu wana karatasi wamechapisha kwao, namba ya kitalu, namba ya mstari, maana majina mengi ya pale yameshaingizwa mtandaoni. Wengine walipata, dada mmoja kutoka Montreal alizunguka mpaka tukamwita kwa filimbi na hakupata. Aliyepata anaweka kijiwe juu ya kaburi, hakuna maua. Baadaye wakataka kusoma Kaddish, sala yao ya kukumbuka wafu, inahitaji watu kumi, sasa wazee wa kiorthodoksi wanahesabu wanaume tu na yule Kohen yuko nje, wakapungua, dada mmoja akasema mimi mbona nimesimama hapa hamnihesabu, basi ikawa kesi nyingine. Mwisho walisoma, waliokubali wakaitikia, wasiokubali wakaenda kuangalia kaburi la Peretz mwandishi. Kutoka, wote wananawa mikono kwa kopo.

Na bibi yangu? Hakuwa na habari na Okopowa hata kidogo. Kwao sio Warsaw, kwao ni mji mdogo upande wa Lublin, siku nzima ananiuliza Lublin tunaenda lini.

Ngoja Waje
Karanga zimeisha. Uzi umenoga. Daktari wa meno ni mimi.

Mwana wa Pangani
Dada Mtunza Bibi shukrani. Umeona Dereva? Watu wamesimama na sala.

Dereva Mkongwe
Nimeona pia boksi la chakula limeliwa kwenye basi. Chumba kilikuwa tayari saa ngapi dada?

Mtunza Bibi
Saa tisa na nusu 😂 siongei tena.

Kamusi Hai
Mtunza Bibi huyo mwongozaji nampa saba kwa kumi. Ni kweli wengi pale walikufa kifo cha kawaida, kuna zaidi ya watu laki mbili kwenye hekta 33. Ila pale pale kuna makaburi ya halaiki ya geto, watu wa njaa na taifasi waliokuwa wanaokotwa barabarani 1941 na 1942, leo ni uwazi umezungushiwa mawe. Na ukuta wa makaburi ulitumika kupitisha chakula cha magendo. Na Adam Czerniaków, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la Wayahudi, kazikwa pale, alijiua 23 Julai 1942, siku moja baada ya Wajerumani kuanza kupeleka watu Treblinka, zoezi lililokwenda mpaka 21 Septemba na likabeba watu kama 265,000. Kwa hiyo kusema pale ni pa kifo cha heri tu, hapana.

Mimi naona kinyume, wanaanzia pale kwa sababu ndani ya geti moja una kila kitu. Marabi wakubwa wapo, Chaim Soloveitchik wa Brisk aliyefariki 1918 yuko kwenye kijumba kimoja na rabi mwenzake, Netziv wa Volozhin. Peretz yupo, 1915. Zamenhof aliyetunga Kiesperanto yupo, 1917. Marek Edelman, kamanda wa maasi ya geto aliyeishi mpaka 2009, yupo, na alikuwa mjamaa wa chama cha Bund aliyekataa kuhamia Israel. Mcha Mungu, mwandishi, daktari, mjamaa, wote hawakuwa wanaelewana na wamelala mtaa mmoja. Mwalimu yeyote akipata darasa kama hilo la siku ya kwanza ataliacha?

Ngoja Waje
Kumbe Zamenhof alikuwa daktari wa macho. Kiswahili hakikuhitaji daktari wa macho kufika mpaka Lubumbashi.

Kamusi Hai
Mzaliwa wa Białystok 1859, kitabu chake cha kwanza cha hiyo lugha kilitoka 1887. Alikulia mji wenye Wapolandi, Warusi, Wajerumani na Wayahudi kila mtu na lugha yake na ugomvi wake, ndio akaona dawa ni lugha ya wote. Wewe endelea kucheka.

Ngoja Waje
Lugha ya wote halafu hainunui hata chipsi mayai.

Natafuta Koneksheni
Samahani naingilia, mleta mada hapo Warsaw kazi za ghala bado zipo? Kibali kinachukua muda gani? Nina leseni ya daraja C.

Kibarua wa Wola
Mkuu njoo inbox, humu tutachafua uzi. Ila daraja C peke yake haitoshi.

Mtu wa Tua
Nafanya utalii Arusha, sio wa mambo haya ila makundi ni makundi. Nyote mmekosa kitu kimoja. Siku ya kwanza mwongozaji anawasoma wageni. Una watu arobaini, hujui nani ana presha, nani mguu mbovu, nani mbishi, nani atalia. Watembeze masaa mawili kwenye ardhi ya mizizi utajua yote kabla ya jua kuzama, na bado uko mjini, hospitali iko karibu. Ungewapeleka Treblinka siku ya kwanza, ni kama kilomita mia kutoka mjini, mtu akizidiwa unafanyaje? Halafu wakifika wamechoka bado wana heshima, hawajazoeana kiasi cha kugombana sana. Ukiwapeleka siku ya tano wameshagawanyika makundi ya chakula cha jioni.

Mtunza Bibi
Hawajazoeana kugombana? Hukusoma nilichoandika mkuu.

Kamusi Hai
Na kuna kalenda pia. Ijumaa makaburi yanafungwa mapema na Jumamosi hayafunguliwi kabisa kwa sababu ya Sabato. POLIN nayo inafunga Jumanne. Kundi likitua Ijumaa asubuhi ni ama waende Okopowa saa hiyo hiyo au wasubiri Jumapili, na Jumapili wengi wameshaelekea Lublin au Kraków.

Kibarua wa Wola
Hapo pa Ijumaa nakubali, nimeona wanavyokimbizana. Ila nimebeba mabegi ya kundi lililotua Jumatatu, likaenda makaburini, na POLIN Jumatatu iko wazi. Kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi.

Westi254
Wadau, niseme kitu kigumu kidogo. Mnaongea kama yote ni nostalgia ya nyanya. Kuna siasa ndani. Wanafunzi wa sekondari wa Israel wamekuwa wakiletwa Poland na shule kwa miongo, basi, bendera, walinzi wenye silaha kutoka kwao, na kuna watu hapo hapo Israel wamelalamika kwamba safari inamfundisha kijana kwamba kila mahali nje ni makaburi, kwa hivyo rudi nyumbani ukatumikie jeshi. 2022 safari hizo zilisimamishwa, serikali mbili zikabishana kuhusu walinzi na kuhusu nini kifundishwe, 2023 wakatia saini makubaliano mapya, nayo pia yakazua kelele, wengine wakisema Poland imepewa nafasi ya kusimulia historia inavyotaka. Sasa ukianza na kaburi siku ya kwanza unamwambia mgeni Poland ni nini? Umeshampa miwani.

Mwana wa Pangani
Westi nakuelewa lakini bibi wa Toronto hana jeshi la kwenda. Usimchanganye na watoto wa shule.

Mtunza Bibi
Kwa kweli kwenye kundi letu hata hilo lilizungumzwa usiku. Baada ya chakula tulikaa duara ukumbini, kila mtu aseme jina lake, kwao wapi, na amekuja na picha gani. Kuna aliyekuja na funguo ya nyumba ambayo haipo tena, kuna aliyekuja na barua hajui kuisoma, akasomewa pale pale na mwongozaji, ilikuwa inahusu deni la unga tu 😂 mtu ameitunza miaka yote. Kijana mmoja wa chuo akasema yeye alikuwa kwenye yale matembezi ya Walio Hai (March of the Living), yanayofanyika toka 1988, wanatembea kama kilomita tatu kutoka Auschwitz mpaka Birkenau, na aliondoka Poland akiichukia nchi nzima bila kuongea na Mpolandi hata mmoja, ndio karudi na wazee safari hii aione upya. Mama mwingine akamjibu kwamba yeye ana haki ya kutokuipenda, majirani walijua na wengine walinufaika. Mwongozaji alikuwa amekaa hapo hapo anasikiliza, bibi yake yeye aliishi mtaa wa pili na ukuta. Hakuna aliyeshinda ule mjadala, watu waliinuka kwenda kulala saa tano.

Dereva Mkongwe
Na dereva alilala saa ngapi hakuna aliyeuliza.

Mwana Mbale
Salamu kutoka Uganda, Kiswahili changu mtanisamehe. Mimi niko Mbale, karibu na Nabugoye wanakokaa Abayudaya, Wayahudi wetu. Jamii ilianzishwa na Semei Kakungulu 1919, wako kama elfu mbili hivi. Makundi ya Wayahudi kutoka Amerika wanakuja pia, hata huko wanaita safari ya urithi ingawa mababu zao hawakutoka Mbale. Siku ya kwanza hapa hakuna makaburi. Wanashuka kwa gari, watoto wanaimba kwa Luganda na Kihebrania, ngoma, chakula, sinagogi, jioni stori za wakati wa Amin alipokataza dini yao na watu wakasali kwa kujificha. Kaburi la Kakungulu liko huku huku Mbale, wageni wanapelekwa, lakini hilo linakuja baadaye, wengine hawaendi kabisa. Kwa hiyo ndugu wa Pangani, kama ni adabu ya dini yao mbona huku hawaanzii kaburini?

Kamusi Hai
Hoja nzito hiyo. Na kidini hamna amri kwamba Myahudi akifika mji aanzie makaburini. Wahasidi, wale Wayahudi wacha Mungu wanaofuata marabi watakatifu, wana desturi yao ya kwenda kwa mtakatifu wao na kuacha karatasi ya maombi, kama wanavyojaa Leżajsk kwa Elimelech au Uman kule Ukraine kwa Nachman mwaka mpya wao, lakini hao wanaenda kaburini kwa sababu kaburi ndilo safari yenyewe. Makundi ya masinagogi ya Marekani ni kitu kingine.

Mwana wa Pangani
Mbale wenyewe wako hai wanaimba, wanapokelewa na walio hai. Warsaw wa kuwapokea ni nani? Hoja yangu bado imesimama.

Westi254
Eti wa kuwapokea ni nani? Warsaw iko na Wayahudi leo. Nożyk wanasali, kuna shule ya Kiyahudi, kuna watu wazima waligundua juzi tu kuwa nyanya yao alikuwa Myahudi aliyejificha. Ni wachache ukilinganisha na zamani lakini wapo, na wanachoka kuambiwa wao ni makumbusho. Kwa nini mgeni asianzie kwao, chai kwanza, kaburi kesho?

Mtunza Bibi
Sisi walitukutanisha nao, sio siku hiyo, Ijumaa kwenye chakula cha Sabato. Ndio siku pekee bibi aliacha kuniuliza Lublin. Alimpata mzee mwenzake wakawa wanaongea kile kipolandi cha chekechea.

Mtu wa Tua
Kiukweli ratiba nyingi zinanakiliwa. Mtu wa kwanza alipanga hivyo kwa sababu zake, wa pili kachukua karatasi, wa mia hajui kwa nini. Hata safari zetu za hapa ukiuliza kwa nini hifadhi hii inaanza kabla ya ile utaambiwa ndio ilivyo.

Tengeru Kwetu
Mmefika mpaka Poland na Mbale mmesahau kwamba Wapolandi wana yao hapa Arusha. Tengeru kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Poland kuanzia 1942, karibu watu 5,000, wengi mama na watoto, walitolewa Poland wakapelekwa Siberia, wakapitia Iran mpaka kwetu. Makaburi yao yapo mpaka leo, yamezungushiwa uzio na yanatunzwa. Wajukuu wao wanakuja kila mwaka na magari ya watalii, na nawaambia hawaanzii Ngorongoro, wanaanzia pale. Na hao ni Wakatoliki wengi wao. Sasa sijui mtasema ni saa za hoteli?

Dereva Mkongwe
Kutoka uwanja wa ndege wa KIA kwenda Arusha mjini unapita wapi? Tengeru. Iko njiani! Mnanisaidia tu.

Ngoja Waje
😂😂😂 Dereva hapingiki.

Tengeru Kwetu
Haya mzee umeshinda ya barabara, ila mabegi wanaingia nayo makaburini.

Natafuta Koneksheni
Tengeru nina shangazi, sijawahi kusikia hayo makaburi. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kuingia? Jumamosi hii nipo huko.

Tengeru Kwetu
Unaruhusiwa, ulizia chuo cha mifugo, bodaboda wote wanapajua. Ila Jumamosi ni siku ya soko, barabarani pale hapapitiki, nenda Ijumaa au subiri Jumapili mchana.